Vitamini D na Tezi Dume: Je, Jua la Kilombero Halitoshi?

Mkulima wa mpunga katika Bonde la Kilombero huishi juani. Wenye mashamba ya mbali huhamia kwenye madungu kwa wiki kadhaa, wakiamia ndege tangu alfajiri hadi magharibi. Ifakara iko takriban nyuzi 8 kusini mwa Ikweta, na huko miale inayoiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D hupatikana mwaka mzima. Hata hivyo, mzee wa bonde hili anapoanza kuamka usiku mara tatu au nne kwenda haja ndogo, si ajabu mwanawe aliye mjini kumletea kopo la vidonge vya vitamini D, akiamini kuwa vitaiponya tezi dume.

Imani hiyo ina asili ya kisayansi. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani, Schwartz na Hulka, walibainisha kwamba uzee, ngozi nyeusi na kuishi mbali na Ikweta huambatana na saratani ya tezi dume, na kwamba mambo hayo matatu huambatana pia na upungufu wa vitamini D. Baadaye maabara zilionesha kuwa chembe za tezi dume zinaweza zenyewe kuigeuza vitamini hiyo iwe katika hali yake ya kufanya kazi, na kwamba katika hali hiyo hupunguza kasi ya chembe za saratani kuongezeka. Lilikuwa wazo zuri, lakini chembe zilizo kwenye chupa si mwanamume mwenye miaka 65.

Jaribio kubwa la VITAL lilifanyika Marekani na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2018. Watu 25,871, zaidi ya 5,000 kati yao wakiwa weusi, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walimeza uniti 2,000 za vitamini D kila siku, wengine vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka mitano na ushei, vitamini D haikuwa imepunguza idadi ya waliopata saratani kwa jumla, wala ya tezi dume peke yake.

Hapa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe wanaoishi maisha ya asili. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, ilhali 50 huhesabiwa na wataalamu wengi kuwa zinatosha kwa mifupa. Waliopimwa walikuwa 60 tu, na Wandamba na Wapogoro wa Kilombero hawakuwamo. Lakini ni vigumu kudhani kwamba mtu anayeshinda shambani kifua wazi amepungukiwa sana. Karani anayeshinda ofisini au mgonjwa asiyetoka ndani ni suala jingine.

Vidonge vikizidi huleta madhara. Vitamini D nyingi mno hupandisha kalsiamu katika damu, na kalsiamu iliyopanda humfanya mtu akojoe mara kwa mara, apate kiu na hatimaye aharibikiwe figo. Mzee aliyevinywa ili apate usingizi anaweza kuamka zaidi ya awali! Wapo hata hivyo wanaume wanaovihitaji kweli: wale wanaotibiwa saratani ya tezi dume kwa kushusha homoni ya kiume, kwa sindano au kwa kuondolewa korodani. Mifupa yao hudhoofika, na daktari anaweza kuwaandikia vitamini D pamoja na kalsiamu kwa ajili ya mifupa hiyo.

Hatari kubwa zaidi ya kopo lile ni muda linaoupoteza. Tezi dume inayokua kwa uzee tu hutibika kwa dawa au upasuaji. Saratani ikiwa bado changa aghalabu haina dalili yoyote. Katika bonde hili kuna kikwazo kingine: kichocho. Mwanamume aliyekojoa damu utotoni, akapewa dawa na kupona, huiona damu ya uzeeni kuwa ni ugonjwa uleule wa mabwawani. Mhudumu wa zahanati naye anaweza kutoa prazikwanteli na kuishia hapo. Damu kwenye mkojo wa mtu mzima haina budi kuchunguzwa hadi chanzo chake kijulikane.

Wanaume wengi hukwepa hospitali kwa kuogopa kipimo cha kidole, ambacho mitaani kimegeuzwa mzaha. Kipimo hicho huchukua chini ya dakika moja. Kwa kawaida uchunguzi unaweza kuanza kwa damu, yaani kipimo cha PSA, ambacho hupanda pia kwa maambukizi ya mkojo au tezi iliyokua bila saratani. Kwa hiyo jibu la juu peke yake halitoshi kumwambia mtu ana saratani. Aliyefikisha miaka 50, au 45 ikiwa baba au ndugu yake aliugua, azungumze na daktari juu ya kipimo hicho, kwa mfano katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara.

Mzee mwenye shida ya mkojo anayelalamika kuumwa mgongo, na sasa miguu inalegea, asipangiwe kliniki ya wiki ijayo: apewe rufaa siku hiyohiyo, kwani huenda saratani imefika kwenye uti wa mgongo. Vivyo hivyo aliyeziba mkojo kabisa. Huyo awekewe mpira kwanza, maswali mengine yafuate.