Stempu za Kongo: Picha Ileile, Majina Mengi

Stempu ni karatasi ndogo inayothibitisha kwamba gharama ya barua imekwisha kulipwa. Hiyo ndiyo kazi yake tangu ile ya kwanza ilipoanza kutumika nchini Uingereza tarehe 6 Mei 1840. Hata hivyo stempu hutamka pia jina la yule anayedai kuitawala nchi, tena hulitamka kwa lugha aliyoichagua. Kwa sababu hiyo inamhusu mwanaisimu kama inavyomhusu mkusanyaji.

Katika nchi yetu stempu zilianza mwaka 1886, zikiwa na sura ya Mfalme Leopold II. Mwaka 1894 ukatokea mfululizo mpya, uliotokana na kazi ya mchoraji Mbelgiji Robert Mols na kuchapwa London. Ndani yake twaona bandari ya Matadi, maporomoko ya Stanley, ambayo leo huitwa Boyoma, daraja la reli juu ya mto Mpozo, na uwindaji wa tembo. Stempu hizo zilikuwa na sehemu mbili: picha ya katikati kwa wino mweusi, na fremu ya rangi iliyobeba maandishi na bei. Basi iliwezekana kubadili maneno bila kuigusa picha.

Ndivyo ilivyokuwa. Ubelgiji ilipoitwaa nchi mwezi wa Novemba 1908, stempu zilizokuwapo zilipigwa chapa ya pili: CONGO BELGE. Mwaka 1909 maneno hayo yakaingizwa katika fremu yenyewe, na mwaka 1910 Kiholanzi kikawekwa kando ya Kifaransa. Matadi ni ileile, tembo ni walewale, ila mwenye kusema amebadilika. Tuangalie pia kwamba lugha mbili zilizopewa nafasi ni za Ubelgiji, si za wakaaji waliochorwa.

Mwaka 1916, majeshi ya Kongo ya Kibelgiji yalipoingia Ruanda, Urundi na Kigoma, stempu za Kongo zilipigwa maneno ya Kifaransa na Kiholanzi yenye maana ya «Afrika Mashariki ya Kijerumani, utawala wa jeshi la Ubelgiji». Barua ya Kigoma ikasafiri na picha ya Kongo na lugha za Ulaya, hali Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na ya ofisi ndogo huko.

Njia hiyo haikukoma pamoja na ukoloni. Mwaka 1960 stempu za zamani zilipigwa neno CONGO, na baada ya tangazo la tarehe 11 Julai mwaka huohuo, nyingine zikapigwa KATANGA. Utengano huo ulikwisha Januari 1963, bali karatasi zimebaki kuwa mashahidi. Tukilinganisha na Zanzibar, twakuta mwaka 1964 wanamapinduzi wakipiga juu ya sura ya Sultani neno la Kiswahili: JAMHURI. Chombo ni kimoja, lugha ni tofauti, na tofauti hiyo ndiyo habari.

Chapa ya pili haifuti ya kwanza: jina la zamani husomeka chini ya jipya. Kwa hiyo mwanafunzi wa historia ya lugha asiitazame stempu kama pambo la bahasha tu. Aulize mambo matatu: ni nani anayesema, kwa lugha gani, na juu ya jina la nani.