Mwanafunzi wa Sironga na Utafiti wa Muziki Ughaibuni: Swala la Istilahi

Utangulizi
Abagusii wana ala kubwa ya nyuzi nane iitwayo obokano. Mwili wake huwambwa ngozi, na sauti yake ni nzito yenye mvumo. Kijana aliyelelewa Sironga, katika Kaunti ya Nyamira, huweza kuifahamu ala hii tangu utotoni. Hata hivyo, akitaka kuifanyia utafiti, huenda akalazimika kusafiri, kwani sehemu kubwa ya sauti zilizonaswa Afrika Mashariki katika karne ya 20 imehifadhiwa mbali. Makala haya yanaeleza anachojifunza mwanafunzi wa aina hiyo katika mafunzo kwa vitendo ughaibuni, na kwa nini jambo hilo linawahusu wanafunzi wa Kiswahili.

Waliotangulia
Njia hii si ngeni. Washington Omondi, mmoja wa wanatume watano waliotayarisha wimbo wa taifa wa Kenya mwaka 1963, aliandika tasnifu yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha London kuhusu nyatiti ya Waluo, majirani wa Abagusii. Aliifuata mbinu ng'ambo ili aieleze ala ya nyumbani. Karibu zaidi kuna Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, iliyoasisiwa na Hugh Tracey mwaka 1954. Tangu 1978 iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini.

Yanayofunzwa
Stadi ya kwanza ni kusikiliza. Mwanafunzi hurudia kipande kimoja mara nyingi, akitenga sauti ya mwimbaji na ya nyuzi, kisha akiandika anachosikia. Hapa hugundua kwamba nota za Kizungu hazitoshi, kwa kuwa nyuzi za ala nyingi za Kiafrika hazikazwi kwa kufuata vipimo vya piano. Tracey mwenyewe alitumia uma za sauti kupimia tofauti hizo. Isitoshe, Ekegusii ni lugha yenye toni. Kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana ya neno, na asiyeijua lugha huweza kudhani ni mahadhi tu.

Stadi ya pili ni kuandaa kumbukumbu: nani aliimba, wapi, lini na katika hafla gani. Kadi inayosema "wimbo wa sherehe" haijasema kitu. Esimbore, kwa mfano, ni wimbo wa jando, wala hauimbwi ovyo. Anayejua hilo ndiye atakayeuliza kama wimbo wa namna hiyo unafaa kusikilizwa na kila mtu. Kwa hiyo stadi ya tatu, yaani maadili ya utafiti, huanzia katika lugha.

Tatizo la jina
Ugumu hujitokeza mwanafunzi anapotaka kuyaeleza hayo kwa Kiswahili. Wengi huita obokano "kinubi". Neno hilo hilo hutumiwa kwa ennanga ya Waganda. Ilhali ala hizi mbili zimeundwa tofauti. Ennanga ina shingo moja iliyopinda, na nyuzi zake hutoka mwilini moja kwa moja hadi shingoni. Obokano ina mikono miwili iliyounganishwa kwa mti wa kukingama, na nyuzi hufungwa kwenye mti huo. Wataalamu wa muziki huziweka katika jamii mbili. Kiswahili kikizipa jina moja, msomaji hupotezwa kabla hata hajaanza kusikiliza.

Hitimisho
Sauti zilizokwenda mbali huweza kurudi. Nakala za nyimbo zilizonaswa nchini Uganda na Klaus Wachsmann, aliyesimamia Makumbusho ya Uganda kuanzia 1948 hadi 1957, zilirejeshwa Chuo Kikuu cha Makerere kutoka London. Lakini sauti iliyorudi bila maelezo yanayoeleweka ni sawa na barua iliyofika kwa asiyejua kusoma. Mwanafunzi wa Sironga akirejea na mbinu, wazee wa kwao watampa majina ya sehemu za obokano kwa Ekegusii. Kazi ya wanafunzi wa Kiswahili ni kuyapokea majina hayo, kuyapima na kuyatafutia nafasi katika lugha inayosomwa na Mgusii, Mluo na Mganda pamoja. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyimbo nazo zikirudi, zikute wenyeji wanaojua kuzitaja.