Kuzunguka na Kufurika: Istilahi Mbili katika Maonyo ya Kompaila

Makala haya yanakusudia kueleza tofauti moja ya maana impasayo mwundaji wa istilahi kabla ya kufasiri maonyo ya kompaila, yaani programu igeuzayo maandishi ya mtunzi yawe amri za mashine. Maonyo yenyewe yahusu hesabu za namba kamili katika C, lugha iliyoandikiwa sehemu kubwa ya kiini cha Linux, kilichomo pia katika simu za Android.

Tuanze na saa ya Kiswahili. Abiria aliyeondoka Nairobi saa 11 alfajiri akafika Matiliku, Kaunti ya Makueni, saa 2 asubuhi, amesafiri kwa muda gani? Tukitoa 11 katika 2 twapata 9 hasi, jibu ambalo hata utingo hatalikubali. Kila mtu huongeza 12 bila kufikiri, akapata saa 3. Saa haikukosea, imezunguka, kwani ndivyo ilivyoundwa.

Namba za C zisizo na alama ya hasi huenda vivyo hivyo. Kwa biti 32, baada ya 4,294,967,295 hurudi 0, na kanuni rasmi za lugha hiyo zaruhusu. Linux huhesabu mapigo ya saa yake kwa namba za jinsi hii. Katika mashine ya biti 32 yenye mapigo 100 kwa sekunde, mzunguko hutimia baada ya siku 497 hivi. Watunzi hawakungoja siku hizo zote: waliianzisha hesabu dakika 5 kabla ya kuzunguka, ili kosa lolote la kulinganisha nyakati lijitokeze punde mashine iwashwapo. Busara iliyoje!

Namba zenye alama zina hukumu nyingine. Kikomo chao kwa biti 32 ni 2,147,483,647. Kikipitwa, kanuni hazisemi litakalotokea. Kompaila ina haki ya kudhani kwamba jambo hilo halitukii kamwe. Mtunzi akiuliza kama a + 100 ni ndogo kuliko a, kwa nia ya kujikinga, kompaila yaweza kulifuta swali lenyewe. Hapa ndipo neno kufurika lifaapo: maji yameacha mkondo. (Linux hufasiriwa kwa agizo maalumu linalozizungusha hata namba hizi, programu nyingi hazina kinga hiyo.) Tukiyaita yote mawili kufurika, msomaji wa onyo atarekebisha kisicho kibovu na kupuuza penye hatari.

Onyo jingine hutokea namba yenye alama ilinganishwapo na isiyo nayo. Wanaisimu watatambua hapa suala la upatanisho. C huzipatanisha kimyakimya: 1 hasi yageuka 4,294,967,295, mithili ya nomino iliyovikwa viambishi vya ngeli isiyo yake. Wengi hulinyamazisha onyo kwa kutaja aina nyingine mbele ya namba, na thamani mbovu ikabaki palepale. Yafaa kwanza kuuliza namba yawakilisha nini. Urefu wa faili hauwezi kuwa hasi. Tofauti ya nyakati mbili yaweza. Ndiyo maana Linux, inapolinganisha mapigo, hutoa kwanza kwa namba zisizo na alama, kisha huisoma tofauti kama namba yenye alama. Tendo ni lile lile la kutaja aina, lakini hapa lina hoja.