Lineti zinabadilishwa kila mara? Konea ipimwe mapema

Kijana wa miaka 15 amebadilisha lineti mara mbili ku mwaka mmoja, na bado maandishi ya ku tablo anayaona mara mbilimbili. Nyumbani wanasema ni uvivu. Inaweza kuwa keratokoni.

Konea ni kile kioo cha mbele ya jicho, kinachoshikiliwa na nyuzi za kolajeni. Ku ugonjwa huu nyuzi zinalegea, konea inakuwa nyembamba na kuchongoka sawa ncha ya yai. Mara nyingi inaanza wakati wa ujana. Kufikicha macho kunaongeza ubaya, na mtoto ambaye macho yanamuwasha anafikicha siku nzima!

Njia ya kukaza nyuzi hizo ilitoka Dresden, Ujerumani. Matokeo ya wagonjwa wa kwanza yalitangazwa mwaka 2003. Muganga anatia dawa ya ganzi, anaondoa utando wa juu, anadondosha vitamini B2 dakika 30, kisha anamulika miale ya UVA dakika 30 ingine. Nyuzi zinashikamana.

Lakini tusikilizane: hairudishi macho ya zamani, inasimamisha ugonjwa. Lineti ao lensi ngumu zinabaki. Konea ikishuka chini ya milimita 0,4, njia hii ya kawaida haifai tena, juu miale inaweza kuumiza sehemu za ndani. Ugonjwa ukiendelea zaidi, kunabaki kupandikizwa konea ya mtu aliyefariki.

Kifaa cha kupima umbo la konea hakiko ku kila kituo cha afya. Mzazi amuulize muganga wa macho, na abebe lineti zote za zamani: namba zake zinaonyesha ugonjwa unakimbia namna gani.