MAJANI MACHUNGU NA UGONJWA WA KISUKARI

Barabara itokayo Mbarara kwenda wilaya ya Isingiro humfikisha msafiri Rwekubo, na mbele zaidi katika makazi ya Nakivale, yaliyowapokea wakimbizi tangu mwaka 1958. Hapo Wanyankole huishi jirani na watu wa kutoka Kongo, Rwanda, Burundi na Somalia. Lugha ni nyingi, lakini fikira moja imeenea: kwamba kilicho kichungu ni adui wa sukari. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari hakosi kushauriwa anywe maji ya omubirizi, ambao Waganda huuita mululuza, au ya bombo, mmea utambaao vichakani.

Je, imani hiyo ni ya kupuuzwa? Sisi twasema hapana. Metformini, dawa ambayo wagonjwa wengi wa kisukari cha ukubwani huanzishiwa, chimbuko lake ni mmea wa Ulaya uitwao galega, uliotumiwa na wazee wa huko kwa karne nyingi. Wataalamu walikuta ndani yake kemikali ya galegini, ishushayo sukari lakini yenye sumu. Hata kondoo wamekufa kwa kuula mmea huo. Metformini, iliyo jamaa ya kemikali hiyo ila bila ukali wake, ilitengenezwa Dublin mwaka 1922. Mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, alitangaza kwamba yawafaa wagonjwa. Ilipita miaka 35.

Bombo nao umekwisha kupimwa. Katika miaka ya 1970 ilitolewa ndani yake kemikali iliyoitwa foetidini. Ilishusha sukari ya panya wazima waliokaa na njaa. Panya wenye kisukari haikuwafaa kitu cha kutajika. Omubirizi umeshusha sukari ya panya wagonjwa katika majaribio kadhaa, lakini panya si binadamu. Uchunguzi wa mitishamba waendelea, hata katika Chuo Kikuu cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989.

Kwa askari jambo hili lina uzito wa pekee. Kikombe cha majani hakina kipimo: leo chepesi, kesho kikali. Askari adungwaye insulini, akiongeza majani kwa siri, sukari yake yaweza kushuka ghafla akiwa lindoni. Atatokwa jasho, atatetemeka, akili itavurugika, na bunduki i mkononi. Naye aachaye vidonge kwa ajili ya majani, sukari yake hupanda kimya kimya, ikaharibu macho, figo na miguu.

Hatusemi majani yadharauliwe. Twasema kwamba silaha isiyojaribiwa haitegemewi vitani. Anywaye majani na amwambie daktari wa kikosi, asiache dawa yake, na apimwe damu mara kwa mara. Dalili zile zikimpata kazini, amkabidhi mwenzake silaha, anywe maji ya sukari upesi, kisha apelekwe zahanati. Kusema ukweli mbele ya daktari si woga, ni nidhamu.