Lucent: Mauzo mengi, pesa chache

MWEKEZAJI anayepima kampuni ya kuunda mitambo ya simu kwa kawaida huanza kwa kutazama mauzo. Kwa Lucent ya Marekani, hapo ndipo wengi walipopotea.

Kampuni hiyo, iliyotengwa na AT&T mnamo 1996, iliuzia kampuni changa za simu mitambo huku ikizikopesha fedha za kuinunua. Ni kama mwenye duka anayempa mteja pesa za kununulia sukari dukani humo humo, kisha akajigamba kuwa biashara imenoga.

Mnamo 1998, Lucent ilikubali kuikopesha Winstar hadi dola bilioni 2. Winstar ikafilisika Aprili 2001.

Hisa zilizouzwa kwa zaidi ya dola 80 kila moja mwishoni mwa 1999 zilikuwa chini ya dola moja kufikia 2002. Walioumia ni pamoja na wastaafu walioamini jina kongwe.

Dalili, hata hivyo, hazikufichwa. Katika hesabu za 1999, madeni ya wateja yaliongezeka kwa kasi kuliko mauzo, ila ni wachache waliofungua ukurasa huo.

Lucent iliungana na Alcatel mnamo 2006, na Nokia ikazimeza zote mbili 2016.