Kufundisha Ukerezaji kwa Kipuri cha Pikipiki Kuukuu

Mazoezi ya mashine ya kukereza katika shule na vyuo vyetu vya ufundi aghalabu huishia kwenye kipande cha chuma kisicho na kazi. Mwanafunzi hupewa mchoro wenye vipimo vyote, hukereza ngazi tatu, hukata uzi mwishoni, mwalimu hupima na kutoa alama, kisha kipande hutupwa katika sanduku la mabaki. Zoezi hilo lina faida, kwani mkono hauna budi kuizoea mashine. Hata hivyo, linamnyima mwanafunzi swali ambalo fundi hukutana nalo kila siku: kipimo hiki kimetoka wapi? Mwanafunzi aliyezoea kupewa vipimo hujikuta hana la kufanya siku anapoletewa kifaa kilicholika, kisicho na mchoro wala kipuri dukani.

Pikipiki kuukuu hulifundisha somo hilo vizuri. Chukua mfano wa BSA Bantam, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 kutoka kiwanda cha Birmingham, Uingereza, ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 123. Asili yake ni pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125, ambayo michoro yake ilichukuliwa na washindi wa vita kama fidia baada ya mwaka 1945. Waingereza waliigeuza injini hiyo kama mtu ajionavyo katika kioo, ili gia ibadilishwe kwa mguu wa kulia kama ilivyokuwa desturi yao, na vipimo vya milimita wakavibadilisha kuwa vya inchi. Historia hii si pambo la somo. Mwanafunzi anayeijua hatashangaa kukuta kwamba kipimo hakikubali kuwa namba kamili ya milimita.

Tuseme kazi iliyopo ni pedali ya breki inayochezacheza. Pedali imekuwa ikizunguka moja kwa moja juu ya pini ya chuma kwa miaka mingi. Pini imelika, na tundu la pedali limekuwa la yai. Si jambo dogo, maana dereva anapokanyaga, sehemu ya mwendo wa mguu hupotea bure kabla breki haijashika.

Kabla ya kuwasha mashine, wape wanafunzi pini hiyo kuukuu pamoja na mikromita. Kila mmoja apime peke yake na kuandika jibu katika karatasi bila kumwonyesha jirani, ndipo majibu yote yaandikwe ubaoni. Mmoja atakuwa na milimita 12.41, mwingine 12.55, wa tatu 12.69. Darasa litaanza kubishana nani amekosea. Mwalimu na anyamaze kwa muda. Baada ya ubishi, mmoja wao atagundua kwamba wote wamepima sawasawa, ila wamepima mahali tofauti: katikati pini imelika, lakini kwenye ncha, ambako pedali haikuwa ikigusa, chuma kimebaki karibu na hali yake ya kwanza. Nusu inchi ni milimita 12.70. Kwa hiyo kipimo cha asili kimepatikana bila kitabu chochote, na wanafunzi wamejifunza kwamba sehemu iliyolika haiaminiki, na ya kuulizwa ni ile ambayo haikufanya kazi.

Zoezi hili pia huwafaa walimu wenye mashine moja na wanafunzi arobaini. Wakati wanne wako mashineni, wengine wanapima, wanachora na kujadili.

Sasa huja usanifu. Tundu la yai halirudi kuwa duara kwa kupigwa tupa. Pedali hufungwa katika mashine ya kukereza na tundu huchimbwa upya kwa kisu, tuseme hadi milimita 16.00, kisha bushi hutengenezwa ya kujaza nafasi hiyo. Waulize wanafunzi bushi iwe ya madini gani. Wengi watajibu chuma kigumu, kwa kuwa ni imara zaidi. Hapo mwalimu aulize swali la pili: kati ya pedali, pini na bushi, tungependa kipi kilike kwanza? Bila shaka ni kile kilicho rahisi kutengeneza tena. Ndiyo sababu mafundi huchagua shaba nyeusi, iliyo laini kuliko pini na inayosuguana na chuma bila kung'ang'aniana. Madini hayo ni ghali, kwa hiyo bushi ya kwanza ya kila kikundi ikerezwe kwa kipande cha alumini kilichookotwa.

Vipimo vya bushi si vya kukisia. Ili ikae kwa kubana, kipenyo cha nje kizidi kile cha tundu kwa kiasi cha milimita 0.03, yaani 16.03. Lakini bushi ikisukumwa ndani kwa jiliwa hubanwa, na tundu lake la katikati husinyaa kidogo. Mwanafunzi aliyelimaliza tundu hilo mapema atashangaa kuona pini haiingii tena. Kwa hiyo liachwe dogo, bushi isukumwe, ndipo lipitishwe rima ya nusu inchi. Rima ina kipimo kimoja tu, lakini pini mpya tunaweza kuikereza tupendavyo. Basi tundu lifuate rima, na pini ifuate tundu. Pini ya milimita 12.67 itaacha nafasi ya 0.03 kwa ajili ya grisi. Tundu dogo la kupitishia grisi litobolewe pia. Wanafunzi hulisahau mara nyingi.

Jambo linalohitaji uangalifu kuliko yote ni nyuzi za bolti. Katika pikipiki nyingi za Kiingereza za zama hizo, bolti ya robo inchi ina nyuzi 26 kwa kila inchi, yaani hatua ya milimita 0.977. Bolti ya kisasa ya milimita 6 ina hatua ya milimita 1. Tofauti ya hatua haionekani kwa macho, lakini robo inchi ni milimita 6.35. Bolti ya kisasa huingia kwa vidole, ikashika kidogo, na mwanafunzi akaridhika. Akiikaza kwa spana, itang'oa nyuzi za alumini katika ganda la injini, na ganda hilo halina la kubadilishia. Mfundishe kutumia kipimo cha nyuzi kwanza, na kuisukuma bolti huku na huko kabla ya kuikaza. Ikicheza, itolewe.

Tahadhari za mashine msomaji anazijua: mikono ya shati ikunjwe, na ufunguo wa taya usiachwe mashineni.

Kazi ikiisha, pedali ifungwe, ikanyagwe na kuachiwa. Spring'i iirudishe yenyewe mpaka mwisho. Ikisita njiani, pini itolewe na kuangaliwa inapong'aa, maana hapo ndipo inapogusa. Kisha kila kikundi kichore mchoro kamili wa bushi, wenye vipimo na tarehe, uwekwe katika jalada la karakana.